Komeo, droo na pistoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu vipande vinavyoteleza katika asembli

Maswali haya nimeyakusanya nikiwafundisha vijana wa karakana kuchora kwa FreeCAD, programu ya bure ambayo tangu toleo la 1.0, lililotoka Novemba 2024, ina sehemu yake yenyewe ya kuunganishia vipande, yaani asembli. Anayetumia SolidWorks, Inventor, Fusion au Onshape atakuta mambo ni yale yale, ila majina yanabadilika. Mfano nitakaourudia mara nyingi ni komeo la mlango: bamba lililofungwa kwenye ubao, vikuku viwili vya bomba vilivyochomelewa juu yake, na nondo laini ya milimita 12 inayopita ndani ya vikuku hivyo, yenye mkono wa kuishikia.

Kwa nini nisikisogeze kipande kwa mkono hadi kikae mahali pake, nikaachia hapo?

Kwa sababu ulichopata ni picha, wala si komeo. Ukibadilisha urefu wa bamba kesho, nondo itabaki hewani pale ulipoiacha. Kiungo kinaieleza programu kwamba nondo hii imo ndani ya vikuku hivi, na vikuku vikihama nayo ihame.

Kila kipande kilicho huru kina njia sita za mwendo: tatu za kwenda (mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini) na tatu za kuzunguka. Kazi ya kiungo ni kuziba baadhi ya njia hizo na kuacha nyingine wazi. Kipande kinachoteleza ni kile kilichoachiwa walau njia moja ya kwenda huku kikiendelea kugusana na mwenzake. Kabla sijabonyeza kitufe chochote, hujiuliza: katika chuma au mbao halisi, ni uso gani unaoizuia njia hii? Nisipouona uso huo, njia sizibi. Karibu majibu yote yaliyo hapa chini yanatokana na swali hilo moja.

Nianze na kipande gani?

Kile kisichosogea. Kitie nanga kwanza: bamba la komeo, kasha la kabati, bloku ya injini. Asembli isiyo na nanga huhama yote kwa pamoja unapovuta kipande kimoja, na utadhani viungo vimekataa kumbe havina pa kushikia. Tia nanga kimoja tu. Wapo wanaotia nanga kila kipande ili "kisicheze", kisha wanashangaa hakuna kinachoteleza.

Nitumie slaida au kiungo cha silinda?

Kwenye skrini vitufe vimeandikwa kwa Kiingereza, Slider na Cylindrical, na ndivyo vinavyochanganywa kuliko vyote. Slaida inaacha njia moja tu: kwenda na kurudi kwenye mhimili mmoja. Kiungo cha silinda kinaacha mbili: kwenda na kurudi, pamoja na kuzunguka mhimili huo huo.

Tazama komeo. Karibu kila mwanafunzi huiwekea nondo slaida, kwa kuwa komeo "linateleza". Lakini nondo ni ya duara na kikuku ni cha duara. Ni uso gani unaoizuia isizunguke? Hakuna. Na ukilitumia komeo lenyewe utakumbuka kwamba unainua mkono kwanza, unasukuma, kisha unaulaza upande ili mtu wa nje asiweze kulirudisha kwa kulitikisa. Kuzunguka ndiko kunakolifunga. Kwa hiyo kiungo chake ni cha silinda, na anayeweka slaida amechora komeo lisilofunga.

Slaida ni halali pale ambapo umbo lenyewe linazuia mzunguko: fimbo ya pembe nne ndani ya bomba la pembe nne, ulimi ndani ya mfuo, shafti iliyokatwa njia ya kabari. Droo ni slaida. Taya la jiliwa ni slaida.

Nilichagua nyuso mbili zinazogusana, nikaweka slaida, kipande kikapaa juu badala ya kuteleza. Kosa ni nini?

Hukukosea kiungo, umekosea uso. Slaida inakwenda kwenye mhimili wa Z wa kiungo, na ukichagua uso bapa, mhimili huo husimama wima juu ya uso. Ulichagua chini ya droo na juu ya reli. Basi Z ikaelekea juu, na droo ikapanda kama lifti.

Chagua uso unaotazama upande wa mwendo. Kwa droo, huo ni uso wa mbele wa droo na uso wa mbele wa kabati. Au chagua ukingo mnyoofu unaoelekea kule droo inakokwenda, kwa kuwa Z hufuata ukingo. Kama kipande kimegeuka kichwa chini au kinatazama nyuma, usikifute kiungo. Kigeuze mwelekeo ndani ya dirisha la kiungo chenyewe.

Kosa hili linawakatisha watu tamaa kuliko yote niliyoyaona, kwa sababu akili ya fundi iko sawa kabisa: nyuso zinazogusana ndizo zinazotelezeana. Programu, kwa upande wake, haikuuliza nyuso zipi zinagusana. Iliuliza unakwenda wapi.

Rafiki yangu anatumia programu ya vizuizi, uso kwa uso. Je, hiyo ni njia tofauti?

Ni njia ya zamani zaidi, na inafaa kuielewa hata kama huitumii. Badala ya kuweka kiungo kimoja chenye jina, unaweka vizuizi vidogo vidogo. Uso bapa ukikaa juu ya uso bapa unaziba njia tatu: kwenda juu na chini, na kupinduka kwa pande mbili. Zinabaki tatu, kwa hiyo kipande kinateleza kama kikombe juu ya meza. Ongeza uso wa pili, wa ubavuni, na kinabaki na mwendo mmoja tu. Hiyo ni slaida, umeijenga kwa mikono yako.

Hesabu vizuri, hata hivyo. Uso wa kwanza umeziba tatu, wa pili tatu, jumla sita, lakini kipande bado kinateleza. Maana yake njia moja imezibwa mara mbili: nyuso zote mbili zinakataza kuzunguka kwenye mstari wa mwendo. Programu inakubali maadamu nyuso ziko kwenye pembe ya nyuzi 90 kamili katika vipande vyote viwili. Kimoja kikiwa na 90 na kingine 89.9, inakataa, na ujumbe wa kosa hautakwambia kwamba tatizo ni pembe.

Kwa duara ndani ya duara, mihimili ikilingana, zinazibwa njia nne na kubaki mbili. Hicho ndicho kiungo cha silinda.

Nawekaje mwisho wa mwendo, ili nondo isichomoke?

Ndani ya dirisha la kiungo kuna nafasi ya urefu wa chini na urefu wa juu. Washa vyote viwili. Kwa komeo langu nimeweka 0 na 60, na kwa kuwa ni kiungo cha silinda, nimeweka pia mipaka ya pembe: 0 mkono ukilala, 90 ukisimama.

Usiandike tarakimu za kubahatisha. Mwisho wa mwendo katika komeo halisi ni mkono kugonga kikuku. Basi pima umbali kutoka mkono hadi kikuku kwenye mchoro, uweke huo. Ukibadilisha nafasi ya vikuku, rudi uubadilishe na mpaka, maana haujibadilishi wenyewe.

Nimeweka viungo vyote sawasawa, mbona mkono wa komeo unapenya ndani ya kikuku?

Kwa sababu kiungo hakijui chuma. Kinajua mihimili, nukta na mabapa tu. Vipande vyako kwake ni kama vivuli, na ukivuta kimoja kitapita katikati ya kingine bila kugongana.

Programu nyingine zina zana ya ziada ya kugundua mgongano. Fusion na Inventor hukuruhusu kutaja vipande vinavyotakiwa kuheshimiana, na SolidWorks inaweza kusimamisha kipande kikigonga unapokivuta. Zana hizo ni nzito kwa kompyuta ndogo, kwa hiyo ziwashe kwa vipande viwili au vitatu unavyovishuku.

Katika FreeCAD mimi husogeza kipande hadi mwisho wa mwendo, kisha natafuta eneo la pamoja kati ya vipande viwili kwa zana ya makutano ya maumbo. Kukitokea umbo lolote, hata kipande chembamba kama unywele, vimepenyana. Fanya hivyo mwanzo wa mwendo, katikati na mwisho. Watu huangalia mwisho tu, wakati vipande vinaweza kugongana katikati ya njia.

Droo yangu ina reli mbili. Niweke slaida mbili?

Hapana, weka moja. Reli ya kwanza imeshaziba njia tano. Ya pili ikija na tano nyingine, zote ni za kurudia. Zikilingana kabisa programu itavumilia, ila siku utakayobadilisha upana wa kabati kutoka milimita 400 hadi 402 na kusahau droo, asembli nzima itagoma. Reli ya pili ichore, ikaze kwenye kabati, na usiiunganishe na droo.

"Lakini droo yenyewe ina reli mbili kweli!" Naam, na fundi aliyewahi kuzifunga anajua adhabu yake: zisipokuwa sambamba, droo inakaza. Reli za madukani huwa na mchezo kidogo wa pembeni ili kusamehe kosa la fundi, na kompyuta haina msamaha huo.

Waliotengeneza mashine za kerezo walilitatua jambo hili kwa ustadi ninaoustahi sana. Tazama kitanda cha mashine ya kerezo ya kawaida: njia moja ina mgongo wenye umbo la V iliyopinduliwa, nyingine ni bapa tupu. Kwa nini zisifanane? Mgongo wa V unaziba njia nne: kwenda pembeni, kwenda juu na chini, na mizunguko miwili. Bapa inaziba moja iliyobaki, ya kupinduka ubavu. Nne na moja ni tano, hakuna iliyorudiwa, na kinachobaki ni mwendo mmoja, wa kwenda na kurudi. Kama wangeweka V mbili, kila chembe ya tofauti kati yake ingeishia kwenye mkazo au kwenye mchezo. Katika asembli unaweza kuiga hivyo hivyo: upande mmoja kiungo cha silinda, upande wa pili nukta moja inayokaa juu ya bapa.

Pistoni, konrodi na kranki: viungo vinne, lakini programu inasema vimezidi. Imekosea?

Haijakosea. Huku ndiko ninakopenda kukaa na mwanafunzi kwa muda mrefu, kwa sababu hesabu ni fupi na inafungua macho.

Hesabu vipande: bloku, kranki, konrodi (fimbo inayoiunganisha pistoni na kranki), pistoni, jumla vinne. Hesabu viungo: kranki kwenye bloku, konrodi kwenye kranki, pistoni kwenye konrodi, pistoni ndani ya silinda, navyo ni vinne. Kanuni inasema: chukua vipande, toa kimoja kilichotiwa nanga, toa idadi ya viungo, zidisha kwa 6, kisha jumlisha njia ambazo kila kiungo kimeziacha wazi. Ukiweka bawaba tatu (kiungo kinachoacha kuzunguka tu) na slaida moja, kila kiungo kinaacha njia moja: 6 × (4 − 1 − 4) + 4 = −2. Injini yenye hasi mbili haitakiwi kuzunguka hata kidogo. Inazunguka kwa sababu tumechora kila pini sambamba kabisa na mwenzake, na vizuizi vitatu vimejirudia bila kupingana.

Sasa legeza. Pini ya pistoni ipe kiungo cha silinda badala ya bawaba, ili konrodi iweze kusogea kidogo pembeni. Kichwa kikubwa cha konrodi, kule kwenye kranki, kipe kiungo cha tufe, kinachoacha mizunguko yote mitatu. Slaida ya pistoni na bawaba ya kranki ziache. Njia zilizo wazi zinakuwa 1 + 3 + 2 + 1 = 7, na jibu ni 6 × (−1) + 7 = 1. Mwendo mmoja kamili: unazungusha kranki, pistoni inapanda na kushuka, na hakuna kilichorudiwa.

Kulegeza huku si ujanja wa kuidanganya kompyuta. Fungua injini uangalie: konrodi ina nafasi ya kusogea pembeni kwenye pini yake, na beringi zina upenyo wa mafuta. Chuma kimelegezwa palepale tulipolegeza sisi.

Kamu inayosukuma valvu nayo inateleza. Inaunganishwaje?

Huu ni mgusano wa aina nyingine. Franz Reuleaux, Mjerumani aliyefundisha Berlin katika karne ya 19, alizigawa jozi za vipande katika makundi mawili: zile zinazogusana kwa uso mzima, kama nondo na kikuku, na zile zinazogusana kwa mstari au nukta, kama kamu na kifuasi chake, yaani kipande inachokisukuma. Slaida na silinda ni za kundi la kwanza, kamu ni ya pili. SolidWorks ina kizuizi maalumu cha kamu, na Inventor ina kile kinachofuata mfululizo wa nyuso zilizoungana bila kona. FreeCAD haina kiungo chenye jina hilo.

Kama kamu ni duara lililotobolewa nje ya katikati, kuna njia safi. Duara lina nusu kipenyo cha milimita 25, rola ya kifuasi ina 8. Vikigusana, umbali kutoka katikati ya duara hadi katikati ya rola ni 33 siku zote, kamu iwe imezunguka vyovyote. Weka kiungo cha umbali cha 33 kati ya vitovu hivyo viwili, kifuasi kiwe na slaida yake, basi. Zungusha uone.

Ila kumbuka umekifunga kifuasi kisiweze kuachana na kamu. Katika injini kinachokirudisha ni springi, na mwendo ukizidi kasi springi inashindwa, kifuasi kinaruka. Asembli haitakuonyesha hilo.

Pini inayotembea ndani ya tundu refu?

Fusion na Onshape zina kiungo cha pini na tundu, SolidWorks ina kizuizi cha tundu refu tangu toleo la 2014. Katika FreeCAD chora bapa linalopita katikati ya tundu kwa urefu, weka umbali sifuri kati ya mhimili wa pini na bapa hilo, kisha uso wa pini ukae kwenye uso wa bamba. Zinabaki njia mbili: kwenda ndani ya tundu na kuzunguka.

Na jiliwa, ambalo kuzunguka kunageuka kuwa kuteleza?

Chukua lile ambalo parafujo huzunguka papo hapo na taya lenye nati ndilo linalosogea. Parafujo ipe bawaba, taya lipe slaida, kisha uviunganishe viungo hivyo viwili kwa kiungo cha parafujo na uandike hatua ya uzi. Hatua ikiwa milimita 5, taya litasogea 80 kwa mizunguko 16. Anayesahau slaida ya taya atakuta taya linazunguka pamoja na parafujo.

Niache nafasi kiasi gani kati ya vipande vinavyoteleza?

Usichore nondo ya 12 ndani ya tundu la 12 ukapeleka karakana. Haitaingia. Kwa kazi ya kukerezwa kwa usahihi, viwango vya ISO vina mkao wa kuteleza unaoandikwa H7/g6. Kwa kipenyo cha milimita 12, tundu linakuwa kati ya 12.000 na 12.018, na shafti kati ya 11.983 na 11.994, kwa hiyo nafasi ni 0.006 hadi 0.035. Komeo la kuchomelea halihitaji hayo. Mimi naacha milimita moja nzima, maana joto la kuchomelea hupinda kikuku na rangi nayo inakula nafasi.

Kiungo cha silinda kitaipanga nondo katikati kabisa ya tundu, nafasi ikiwa sawa pande zote. Nondo halisi inalala chini kwa uzito wake. Kama kimo cha ncha yake mbele ya tundu la fremu ni muhimu, na kwa komeo ni muhimu, toboa fremu ukihesabu mshuko huo.

Mafaili yangu ya A2plus na Assembly4, zile nyongeza za FreeCAD za kuunganishia vipande, yatafunguka na viungo vyake?

Hayageuzwi yenyewe kuwa viungo vya asembli mpya. Vipande vitumie tena, viungo uviweke upya.

Kwenye skrini droo inateleza kama maji, karakana inakwama. Nani mkosaji?

Msuguano, ambao hakuna kiungo kinachoujua. Tuseme droo ya mbao inaongozwa na mbao za pembeni zenye urefu L, nawe unaivuta kwa mkono mmoja, umbali e kutoka katikati. Droo inajipinda, pembe mbili zinazokabiliana zinabana, na ubanaji huo unazaa msuguano. Ukikokotoa, droo inajifunga yenyewe pale L inapokuwa sawa na au pungufu ya mara mbili ya msuguano zidisha e. Ikijifunga hivyo, kuvuta kwa nguvu zaidi hakusaidii, kwa sababu ubanaji unakua pamoja na nguvu yako.

Mbao kavu juu ya mbao kavu zina msuguano wa kama 0.25 hadi 0.5. Chukua 0.4. Droo yenye upana wa milimita 800 na kina cha 300, ukiishika pembeni kabisa, e ni 400, na 2 × 0.4 × 400 ni 320. Kina chako, yaani L, ni 300. Itakwama, hata kama fundi ameipiga randa kwa siku nzima. Weka mpini mmoja katikati, au paka nta ya mshumaa kwenye mbao za pembeni, na kama kabati ni pana na halina kina, nunua reli za gololi kabla hujakata ubao wa kwanza.